Alokuja, Aliyekuja, Mwenye Alikuja

Jioni ikiingia, Kizingo, hapa Mombasa, hujaa. Wanaorudi Likoni na feri, wanafunzi waliokwisha kulegeza tai, akina mama wa Mji wa Kale na leso zao, wageni wa bara waliokuja kutazama meli zikiingia Kilindini, wote hukutana chini ya mibuyu ya Barabara ya Mama Ngina, kwenye mihogo ya kukaanga, madafu, kachiri na viazi karai. Bahari iko hapo mbele, na ng'ambo ya mkono huo wa maji ni Likoni, unakoanza upande wa Wadigo.

Mwenye sikio la sarufi hupata mengi hapa. Muuzaji aliyezaliwa Kibokoni atamwambia msaidizi wake, "Mpe kwanza huyo alokuja mwanzo." Mwanafunzi wa kidato cha tatu, akili yake ingali darasani, atasema "aliyekuja." Redio ya gari lililoegeshwa pembeni itasoma habari ya "mtu ambaye alikuja." Na kijana aliyelelewa Nairobi, ambaye kazi imemleta pwani, atauliza, "Ni yule mwenye alikuja saa hii?" Mtu ni mmoja na tendo ni moja, lakini njia za kumfunga mtu huyo na tendo lake ni nne.

Vitabu vya shule huita kiungo hicho kirejeshi, kwa kuwa hurejesha maelezo kwa jina lililotangulia. Bila kirejeshi tungekuwa tunasema kwa vipande: kuna mtu, mtu huyo alikuja, mpe mtu huyo. Kila lugha ya binadamu ina namna yake ya kulitatua jambo hili, na lugha zilizo ndugu huweza kulitatua kwa namna zinazotofautiana kidogo kidogo, kijiji hadi kijiji. Sisi tumefundishwa kuzipanga namna hizo kwa cheo: juu iwe ya kitabuni, kati iwe ya redioni, chini ziwe za mitaani. Naona mpangilio huo umetunyima elimu kubwa. Ile *alokuja* tunayoizungushia wino mwekundu ina kanuni zake, ina umri wake, na ina jamaa zake pande zote za kisiwa hiki.

Tuanze nayo, maana ndiyo inayoonewa zaidi. Asiyeijua hudhani Mmvita, yaani Mswahili wa Mombasa, anameza silabi kwa haraka ya maneno. Lakini sikiliza mpangilio wake. Barua iliyokuja huwa *ilokuja*. Mti uliokatika huwa *ulokatika*. Watu waliokuja huwa *walokuja*, na mambo yaliyopita huwa *yalopita*. Kinachopotea ni ile irabu ya *-li-* pamoja na *y* nyepesi inayoifuata, pale inapokuwapo, na vilivyobaki huungana kuwa *-lo-*. Penye konsonanti nzito, kama *cho*, *vyo* na *zo*, mara nyingi silabi husimama imara: kitabu nlichokisoma, vyombo nlivyoviosha. Katika mashairi na misemo utakutana na *kilonileta* pia, ambapo *ki-* ya mwanzo imekwisha kututajia ngeli na *cho* haina tena habari mpya ya kutupa. Ndiyo maana mtu atasema *kilonileta* kwa raha, lakini ukimwambia aseme "kitabu nlosoma" atasita, kwa sababu *n-* ya mwanzo hapo ni yake yeye msemaji, na kitabu kimebaki bila alama. Huko si kumeza silabi. Ni hesabu ya nani ametajwa tayari na nani bado, na mtoto wa Mji wa Kale huijua hesabu hiyo kabla hajaingia darasa la kwanza.

Kuna jambo jingine ndani ya *alokuja* ambalo wengi hulipita. Katika Kiswahili sanifu, virejeshi vyote hubeba *o*: *yo, lo, cho, vyo, zo, po, ko, mo*. Ngeli moja tu inavunja safu, ile ya mtu mmoja, ambayo hudai *ye*: aliyekuja, asomaye. Kimvita, pamoja na jamaa zake wa kaskazini kama Kiamu, na hata Kiunguja cha mitaani kinachosema *aliokuja* au *alokuja*, kimemwingiza mtu huyo kwenye safu ya wenziwe. *Ndiye* na *aliye hai* bado zipo, *ye* haijafa. Lakini tendo likishaingia, *o* huchukua nafasi. Lugha imejinyoosha yenyewe, bila kamati.

Washairi wa Mombasa waliijua thamani ya umbo hili. Shairi letu la kawaida lina mizani kumi na sita kwa mstari, nane kila kipande. *Ambaye alikuja* hula mizani saba. Imebaki moja tu, na humo hutii neno la maana. *Aliyekuja* hula tano. *Alokuja* hula nne, na kumwachia mshairi nusu nzima ya kipande. Muyaka bin Haji, aliyeishi hapa Mvita tangu mwisho wa karne ya 18 hadi mwaka 1840 hivi, alitunga kwa lugha hii. Tungo zake zimetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor walizikusanya na kuziandika kabla hazijapotea vifuani mwa watu, na mwaka 1940 William Hichens akatoa diwani yake. Baadaye wakaja Ahmad Nassir Juma Bhalo na *Malenga wa Mvita*, mwaka 1971, kisha ndugu yake Abdilatif Abdalla na *Sauti ya Dhiki*, mwaka 1973, diwani aliyoitunga akiwa gerezani kwa sababu ya kijikaratasi kiitwacho *Kenya: Twendapi?* Wote wawili walishika Kimvita kwa makusudi katika zama ambapo vitabu vya shule vilikwisha kwenda upande mwingine. Watu husema washairi hufupisha maneno kwa ajili ya mizani. Kwa *-lo-* na *-so-* kauli hiyo imegeuzwa miguu juu: mshairi wa Mombasa aliyakuta maneno hayo mdomoni mwa mamake, yakiwa tayari na urefu huo.

Hiyo *-so-* nayo ni ya kukanusha. *Asiyejua* huwa *asojua*, *wasiokuwa* huwa *wasokuwa*. Pita Mtaa wa Biashara, kwenye maduka ya leso, usome majina yaliyopigwa chapa chini ya miji ya vitambaa. Utaona jinsi umbo hili linavyoendelea kuvaliwa na kupelekwa harusini, mwaka baada ya mwaka. Asokujua hakuthamini. Mwenye kununua leso husoma jina kabla ya kutazama rangi, na jina lenye *ambaye* halinunuliki.

Methali ndizo shahidi mkubwa zaidi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Aliye juu mngoje chini. Katika methali zote nilizolelewa nazo sijapata hata moja yenye *amba-*. Jaribu kuitia: "Ambaye hasikii la mkuu huvunjika guu." Maana imebaki pale pale, methali imekufa. Na methali hutufunulia njia nyingine tena, ya kulibana tendo zima ndani ya jina: mtaka cha mvunguni sharti ainame, mchelea mwana kulia hulia yeye, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. *Mtaka* ni yule atakaye, *mwenda* ni yule aendaye. Hakuna kirejeshi kabisa, na urejeshi umefanyika.

Sasa tuvuke maji. Wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao kikubwa cha 1993, waliziweka pamoja Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomori katika familia moja waliyoiita Sabaki, kwa jina la mto unaoingia baharini karibu na Malindi. Kwa mtu wa Kizingo familia hiyo ni majirani wa karibu. Upande wa kusini, feri ikishatia nanga Likoni, kuna Wadigo. Ukitoka kisiwani kwa Makupa na kupanda kuelekea Mazeras kuna Warabai na Waduruma. Kaskazini, ukipita Nyali na Mtwapa, wanaanza Wachonyi, Wakauma na Wagiriama. Na ndani ya Kimvita chenyewe wazee wanatofautisha Kimvita cha kisiwani na Kingare na Kijomvu.

Mswahili anapomtaja Mungu aliye hai, jirani yake Mmijikenda husema *ariye moyo*. Weka *r* badala ya *l* na sentensi ni ile ile: *aliye*, *ariye*. Hapo tunakutana na kitu ambacho shule haikutuambia. Tumezoea kuiona *-li-* kama alama ya wakati uliopita tu. Lakini katika *aliye hai*, *ulipo*, *tulio hapa*, hakuna wakati uliopita wowote. *-Li* hiyo ni kitenzi kikongwe chenye maana ya kuwa, na Wamijikenda wanacho hadi leo kwa sauti ya *ri*. Wanaisimu wengi wanaona kwamba *-li-* ya wakati uliopita ilitoka humo humo. Kwa hiyo *aliyekuja* na *ariye moyo* ni watoto wa nyumba moja. Msichana wa Kidigo anayevuka na feri kuja shule kisiwani anaingia darasani akiwa na kirejeshi hicho kinywani. Ni nadra mtu kumwambia kwamba anachokijua nyumbani kinamfungulia mlango wa sarufi ya Kiswahili.

Virejeshi vina tabia hiyo ya kuhifadhi ya kale. Wakati ujao tunasema *atakuja*. Tukirejesha, *ta* inarudia urefu wake wa zamani: *atakayekuja*. *Taka* hiyo ni kitenzi cha kutaka, kilichochakaa kwa matumizi hadi kuwa *ta*. Ndani ya kirejeshi hakikuchakaa. Anayesema *atakayekuja* ametamka historia ya karne nyingi bila kuijua. Na *ku* ya *kuja* inayoshikilia pale mwishoni ni alama nyingine ya jinsi vipande hivi vilivyokuwa maneno mawili kabla ya kushikana.

Ukisonga kaskazini zaidi mambo yanageuka. Lamu *kuja* ni *kuya*, na urejeshi wake unakaribiana na wa Mombasa. Lakini Barawa, pwani ya Somalia, lugha ya huko, Chimiini, ina ufundi ambao Mswahili wa huku hawezi kuubuni kichwani: kitenzi kikiwa rejeshi hupandishwa sauti kwenye silabi ya mwisho, na irabu ya mwishoni hubadilika kuwa *o*. Tunaufahamu ufundi huo kwa undani kwa sababu Mohammad Imam Abasheikh, mwana wa Barawa, aliuchambua pamoja na Mmarekani Charles Kisseberth. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, Wamiini wengi walikimbilia Mombasa, na kwa miaka kadhaa urejeshi huo wa sauti ya juu ulisikika katika kisiwa hiki kabla wengi wao hawajapelekwa Marekani na Uingereza. Najiuliza ni walimu wangapi wa Kiswahili waliokwenda kuwasikiliza.

Mbali na familia ya Sabaki, ndugu wa Kibantu wamechukua njia zao. Mganda husema *omuntu gwe nalaba*, mtu niliyemwona, na kirejeshi chake, *gwe*, husimama peke yake kabla ya kitenzi. Mkikuyu hutumia kionyeshi, *mũndũ ũrĩa ũrathoma*, kana kwamba ungesema "mtu yule anasoma," ila kiambishi cha mtendaji nacho hubadilika. Hilo la Kikuyu lina uzito kwetu, maana linatusogeza karibu na yule kijana wa Nairobi.

*Mwenye alikuja*, *vitu yenye uliniletea*, *place yenye tulienda*: mtu wa pwani akisikia hivi uso humkunjika. Naielewa karaha hiyo, na mimi mwenyewe siandiki hivyo. Hata hivyo, *mwenye* haikudondoka kutoka mbinguni. Pwani tumekuwa na *mwenye kusubiri*, *mwenye kurehemu*, *mwenye kuja* tangu zamani. *-Enye* hukubali kitenzi kwa sharti kiwe katika umbo la *ku-*. Bara waliichukua njia hiyo wakalilegeza sharti, wakaweka kitenzi chenye wakati na mtendaji wake. Kwa mtu ambaye lugha yake ya kwanza, kama Kikuyu au Kikamba, hutanguliza neno kamili kabla ya sentensi rejeshi, jambo hilo ni la kawaida kabisa. Ukienda Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, utakuta *-enye* inafanya kazi iyo hiyo, na Wakongo hawakujifunza kwa vijana wa Nairobi. Watu wawili wasiojuana wakifika mahali pamoja kwa njia zao wenyewe, tunapaswa kuuliza njia yenyewe inavutia kwa nini, kabla ya kutukana wasafiri.

Turudi kwenye *amba-*, ambayo nimeisema vibaya kidogo. Asili yake ni kitenzi *-amba*, kusema, ndugu wa *ambia* na *kwamba*. Katika tenzi kongwe utaitafuta *ambaye* kwa tochi. Leo imejaa kila ukurasa wa gazeti, na nadhani najua sababu mbili.

Ya kwanza ni ofisi na tafsiri. Mwaka 1928 mkutano wa wakoloni uliofanyika papa hapa Mombasa, na kuhudhuriwa na Carl Meinhof kutoka Ujerumani, ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, dhidi ya wamisionari waliotaka Kimvita, lugha ambayo mmisionari Krapf alianza kujifunza alipofika mwaka 1844. Miaka miwili baadaye, 1930, ikaundwa kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki kusimamia vitabu na tahajia. *Aliyekuja* ikapata kiti na *alokuja* ikaachiwa malenga. Wakati huo huo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akitoa *Sahifa* na kisha *Al-Islah* mjini Mombasa, akiandika lugha ya watu wake. Magazeti hayo hayakudumu, na shule zikafuata vitabu vya kamati. Kisha ikaja kazi ya kutafsiri sheria, matangazo na habari kutoka Kiingereza, siku baada ya siku. Hapo *amba-* ilikuwa na faida moja kubwa, ambayo ndiyo sababu ya pili.

Sababu hiyo ni mpangilio wa maneno. Kwa *-o-* ya ndani ya kitenzi, mtendaji hukaa nyuma: nyumba aliyoijenga babu. Huwezi kusema "nyumba babu aliyoijenga". Sikio la Mswahili hulikataa mara moja. Kwa *amba-* mtendaji hutangulia: nyumba ambayo babu aliijenga. Anayetafsiri sentensi ya Kiingereza akiwa na dakika kumi kabla ya taarifa ya habari hukuta *amba-* inamruhusu kufuata mpangilio ule ule alionao mbele yake, bila kugeuza chochote. Ndiyo maana nasema kukithiri kwake ni mazoea ya sisi tunaoandika kwa haraka. Mbaya zaidi ni *ambapo*, ambayo siku hizi imekuwa gundi ya kila habari: mkutano ulifanyika jana ambapo waziri alisema, ajali ilitokea ambapo watu waliumia. Mahali hapo hapahusiki kabisa. *Alipofika* ni wakati, *alivyosema* ni jinsi, na kazi hizo mbili *-po-* na *-vyo-* za ndani ya kitenzi huzifanya kwa silabi moja, *amba-* haiziwezi.

Lakini haki ni haki. Kuna kazi ambazo *amba-* inazifanya na *-o-* haiwezi, na mtetezi wa Kimvita asiyezikubali hajaisikiliza lugha yake vizuri. Chukua kukanusha. Mwenye harusi akiuliza juu ya *wasokuja*, jibu liko wapi? Je, ni wale ambao hawakuja jana, wale ambao hawajaja mpaka saa hii, wale ambao huwa hawaji kamwe, au wale ambao hawatakuja kesho? *-Si-* ikiingia kwenye kirejeshi, wakati hutoweka. *Amba-* huurudisha. Chukua pia *-me-*: hakuna "ameyekuja." Ukitaka kusema mtu amefika na bado yuko, una *aliyefika*, ambayo huacha shaka, au una *ambaye amefika*.

Na kuna sentensi moja ambayo kila hakimu na kila mwandishi wa habari za mahakamani anapaswa kuiogopa: "Huyu ni mtoto aliyempiga Ali." Nani kapigwa? Kwa sarufi ya *-o-* majibu yote mawili ni sahihi. Mtoto alimpiga Ali, au Ali alimpiga mtoto. *A-* na *m-* zinawafaa wote wawili, na *ye* haisemi ni nani anayerejeshwa kama mtendaji na nani kama mtendwa. Mtaani tunaokolewa na sauti, na kidole, na kwa sababu tunamjua Ali. Katika kumbukumbu za kesi hakuna sauti wala kidole. "Mtoto ambaye Ali alimpiga" haina utata. Mzee wa Mji wa Kale ana dawa yake, husema "mtoto alopigwa na Ali," na dawa hiyo ni nzuri pia, ila humlazimu kugeuza kitenzi kizima.

Kwa hiyo kila njia ina kazi yake. *Asomaye* isiyo na wakati ni ya desturi na hekima, na wanafunzi wetu huiita O-rejeshi tamati. *Aliyesoma* na *alosoma* ni za simulizi. *Amba-* ni ya uangalifu, pale wakati au mtendaji anapotaka kutajwa waziwazi. *Mtaka* na *mwenda* ni za methali na sifa. *Mwenye kusoma* ni ya heshima na ya ibada. Lugha yenye hazina kama hii haistahili kufundishwa kana kwamba ina jibu moja na makosa manne.

Na hapa ndipo ninapoumia. Katika mtihani mtoto huulizwa: andika upya bila kutumia *amba-*. Mtoto wa Kuze, aliyezaliwa ndani ya lugha hii, huandika *alokuja*, na hupoteza alama. Wa Nyeri huandika *aliyekuja* aliyoikariri, na hupata. Sisemi *alokuja* iwe ndiyo jibu la mtihani wa taifa. Sanifu ina sababu ya kuwapo, na mtoto wa Mombasa lazima aimudu kama wengine. Ninachodai ni kidogo na kinawezekana: mwalimu amwambie mtoto huyo kwamba alichoandika ni umbo la Kimvita, lenye kanuni hizi na hizi, na kwamba sanifu hapa inataka umbo lingine. Sentensi mbili hizo zingembakishia mtoto lugha yake. Alama nyekundu isiyo na maelezo humfundisha kwamba mamake hajui Kiswahili.

Mwalimu mwenye ari angeweza kufanya zaidi. Angewapa wanafunzi kazi ya kuwauliza nyanya na babu zao sentensi tatu, za mtu, kitu na mahali, kwa lugha ya nyumbani: Kidigo, Kirabai, Kibajuni, Kijomvu, Kikamba, chochote kilichopo. Darasa moja la kisiwani lingekusanya aina nyingi za urejeshi, nyingine zikiwa za lugha ambazo vitabu vyake ni vichache mno, na wazee wanaozisema vizuri wanapungua. Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 2017, alifanya kazi ya namna hiyo kwa msamiati wa bahari, majahazi na ujenzi. Kwa sarufi ya mitaa bado kazi hiyo iko wazi, na haihitaji mashine yoyote zaidi ya simu ya mkononi.

Kwa upande wetu wa magazeti, ningependa tuanze na jambo dogo. Habari ya kesi tuiandike kwa *amba-* pale Ali na mtoto wanapoweza kuchanganywa. Kwingineko tugeuze kitenzi kama Mswahili anavyokigeuza, na *ambapo* tuiache kwa mahali. Na mkazi wa Mombasa anapomwambia mwandishi wetu, "Hilo ndilo nlokwambia jana," mhariri asiguse *nlokwambia*. Aiache ndani ya alama za usemi, kwa herufi zake zote.